Wimbo Uliosubiri Kola

Kwanza tuelewane. Katika mtaa ule, ukikalia kochi lenye vifungo mgongoni, likakubeba miaka kumi bila kulia nyiii, ujue limetoka mikononi mwa Breki. Anayebisha na alete kochi lake tulikalie wote wawili, mimi na yeye. Kwa sponji na nyundo, Breki alikuwa mfalme. Tabu ilianza alipoweka nyundo chini akashika gitaa.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa jukwaani, mbele ya umati, na mpiga ngoma mmoja mrefu mwembamba aliyeitwa Fimbo. Enzi hizo wote wawili walikuwa kwenye bendi ya kupiga harusini. Siku hiyo wimbo umekolea, bwana harusi anamzungusha mkewe, jasho tiririka, Breki akafika mstari wa tatu. Sauti ikalegea. Gitaa likasinzia. Halafu pap! akashika tena mwendo, uso mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Huku chini bibi harusi alikuwa ameshamkanyaga mumewe kidole gumba.

Fimbo alitupa vijiti. "Jamani, huyu si mwimbaji, huyu ni breki!"

Kesho yake bendi ilipungukiwa mtu mmoja, mtaa ukaongezewa jina.

Ikapita miaka kumi na minane. Msidhani alikaa bure. Studio ya kwanza aliyoiendea ilifungwa yeye akiwa wa pili kwenye foleni. Ya pili, kompyuta ilimeza wimbo wake na ikakataa katakata kuutapika. Ya tatu ilipakana na mashine ya kusaga, kwa hiyo wimbo ulitoka umejaa unga. Mtu mwenye akili zake angelifunika gitaa shuka, akaendelea na makochi. Lakini Breki alikuwa na ahadi, na ahadi yenyewe aliitoa akiwa na miaka kumi, amekaa sakafuni chini ya meza ya mama yake.

Mama yake ni fundi cherehani. Sare za shule. Nusu ya shingo za mtaa ule zimepita mikononi mwake, na zilizobaki zimevaa kola mbovu. Utotoni kazi ya Breki ilikuwa kutambaa chini ya cherehani na kipande cha sumaku, akiokota pini zilizodondoka, na humo, kati ya pini na vipande vya nyuzi, akatunga wimbo:

*Shati langu lina kola, kola ina jasho lako,*
*Nipitapo penye suti, naringa na uzi wako.*

Mama alicheka mpaka uzi ukakatika. "Haya, mwimbaji wangu. Siku utakayouimba kwenye spika, mimi nitakuwa wa kwanza kuusikiliza."

"Wa kwanza, Mama. Ahadi."

Ahadi za watoto nyingi huishia kwenye meno ya maziwa. Hii ikaota gego.

Sasa basi, mwaka huo wa kumi na nane mama akaanza kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Ukimwambia maji yamechemka, anakwambia mkasi uko juu ya kabati. Dada mkubwa wa Breki, muuza vyombo vya plastiki mwenye sauti ya kuuzia ndoo mpaka mtaa wa pili, akampeleka kwa daktari wa masikio. Daktari hakuzunguka. Sikio la kulia lilikuwa limefunga duka. La kushoto lilikuwa bado linauza, lakini kwa dirishani, na baada ya miezi michache hata hilo dirisha lingefungwa.

Dada alirudi akamkuta Breki anabandika kitambaa kwenye kiti. Safari hii hakupiga kelele.

"Mdogo wangu, ule wimbo wako. Ni sasa, la sivyo utakuja kuuimbia picha."

Breki aliweka nyundo chini. Hakutafuta hata viatu.

Na studio iliyobaki mtaani ilikuwa ya nani? Ya Fimbo! Mgongo ulikuwa umemshinda mzee wa ngoma, akaamua kurekodi wenzake. Chumba alikuwa nacho, mashine alikuwa nazo, ila kuta zilikuwa tupu, na sauti mle ndani ililia kama pipa.

"Breki!" Fimbo alimpokea mlangoni. "Bado unasinzia mstari wa tatu?"

"Na wewe bado unarekodi ndani ya tangi? Nimesikia ukipiga chafya, inarudi yenyewe mara tatu kukusalimia."

Fimbo alitaka kukasirika, akacheka. Ukweli ni ukweli. "Kuta zinataka kuvalishwa, ndugu yangu."

"Nitazivalisha kama kochi la waziri. Wewe unipe siku moja ya kurekodi."

"Siku moja nzima. Lakini nakuonya, mimi sirekodi usingizi."

Wakashikana mikono. Wiki mbili Breki alikata sponji, akavuta kitambaa, akapiga pini, akashona vifungo kwa mistari iliyonyooka kuliko tabia zangu. Hakuacha hata dari. Mlango ndio alioupenda zaidi: aliuvika sponji ndani, akauvika nje, akavika na fremu, mpaka ukawa mnene kama mama mkwe aliyelishwa vizuri. Ukisema neno mle ndani, linakufa mdomoni. Hakuna kelele iliyoweza kuingia. Alijisifu hivyo, na alikuwa na haki ya kujisifu. Kumbukeni tu kwamba alijisifu.

Siku ikafika. Asubuhi mbichi, Breki kwenye kiti, gitaa pajani, hedifoni masikioni, na ndani ya hedifoni kile kimashine cha kuhesabia mwendo: tik, tik, tik, tik. Moyo unamdunda kama wa bwana harusi. Fimbo upande wa pili wa kioo akainua kidole.

Mstari wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, breki.

"Rudia."

Breki tena.

"Rudia. Fuata tik."

"Naifuata!"

"Unaifuata kama mtoto anavyofuata kwenda kuoga! Rudia."

Mara kumi na moja. Mimi shule niliiachia njiani, lakini kumi na moja naijua, na kila moja ilifia palepale, mstari wa tatu. Saa sita mchana Fimbo alivua hedifoni, akaingia ndani, akakaa sakafuni kwa uangalifu kwa sababu ya mgongo. Hasira zilikuwa zimemwisha, na hilo lilimuuma Breki kuliko matusi.

"Kaka, sauti unayo. Maneno yananigusa, na mimi si mtu wa kuguswa. Lakini mwendo wako una tatizo na mimi sijui dawa yake. Nenda ukale. Saa nane urudi tujaribu mara ya mwisho. Kesho nina kwaya, wamelipia wiki nzima, na baada yao nasafiri kutibiwa mgongo miezi mitatu."

Miezi mitatu! Dirisha la sikio lingekuwa limefungwa na kupigiwa misumari.

Breki alienda nyumbani, mitaa miwili tu, akiwa na lile jaribio la kumi na moja kwenye simu. Mama alikuwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, rundo la mashati meupe kulia, kola kushoto. Dada alikuwa mlangoni anafuta ndoo.

"Vipi?"

Breki akampa simu.

Hapa niwaambie kanuni ya nyumba ile. Tangu Breki anunue gitaa, kila akitaka kujirekodi au kusikilizwa, mtu hupaza sauti, "Mama, simamisha cherehani!" Na mama husimamisha. Miaka yote hiyo, wimbo na cherehani havikuwahi kukaa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa heshima, si ndiyo? Mwana anaimba, kelele zinyamaze.

Dada akabonyeza simu na kupaza sauti yake ya ndoo: "Mama! Simamisha cherehani, tunasikiliza!"

Mama hakusikia. Alikuwa amewageuzia sikio lililofunga duka. Akaendelea kukanyaga, kola ya shati chini ya sindano, na wimbo ukaanza kutoka kwenye simu.

*Shati langu lina kola*, na cherehani taka-taka-taka-taka. *Kola ina jasho lako*, taka-taka-taka-taka. Vinaenda pamoja! Breki aliinua kichwa. Mstari wa tatu ukaja, na palepale mama akafika kwenye ncha ya kola. Mguu ukapoa. Taka... taka... ta. Akaacha sindano imezama, akageuza kitambaa, kisha mguu ukaondoka mbio tena. Na sauti kwenye simu ililegea naye, ikageuka naye, ikaondoka naye.

Breki akasogea karibu na cherehani.

"Dada. Rudisha mwanzo."

"Si tumesha..."

"Rudisha, nakuomba!"

Mama akachukua kola nyingine. Wimbo ukaanza. Mstari wa tatu, ncha ya kola, mguu ukapoa, sauti ikapoa. Dada akaangusha ndoo, ikabingirika mpaka barabarani na hakuna aliyeifuata.

"Mungu wangu! Huna breki wewe! Unashona!"

Breki alikuwa tayari amepiga magoti chini ya meza, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, akiutazama ule mguu kama alivyokuwa akiutazama na sumaku mkononi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu hakuwahi kushika sindano ya nguo, lakini mwendo wa kola uliingia mifupani kabla hajajua kuhesabu, na kila mtu aliyemfukuza alimfukuza kwa kushona vizuri.

Mama alishtuka kuona kichwa miguuni pake. "Umedondosha nini, baba?"

Breki alizunguka upande wa kushoto, akaweka mdomo sikioni. "Mama! Twende studio! Na cherehani!"

"Cherehani imeharibika?"

"Hapana! Inaimba!"

"Ee?"

"INAIMBA!"

Mama alimtazama, akamtazama binti yake. "Mpeni maji huyu. Jua limempiga."

Lakini watoto wake walikuwa wameshaishika cherehani, mmoja huku na mwingine kule. Hiyo ni chuma cha zamani, si mchezo. Walipita nayo mtaani wakihema, dada akiwafukuza watu njiani kwa sauti, "Pisha! Pisha! Msanii anapita!", na msanii mwenyewe akija nyuma na furushi la mashati kichwani, akilalamika kwamba sare zinatakiwa kesho.

Wakafika studio. Haipiti mlangoni.

Wakaiinamisha. Haipiti. Wakaigeuza kichwa chini. Haipiti. Ule mlango mnene, uliovikwa ndani na nje ili kelele isiingie, ulikataa kelele kama ulivyofundishwa. Fimbo alitokea na kutazama.

"Umeleta nini, wewe?"

"Mwendo wangu," Breki alijibu, akatoa kisu cha kukatia sponji.

"Breki, usithubutu! Huo mlango umekaa siku tatu kuujenga!"

"Nitaujenga tena siku nne!"

Akachana. Vifungo vilirukia kila upande, sponji ikatoka kama tumbo la mto uliopasuka, na fundi huyo ambaye hajawahi kuharibu hata kigoda cha mtu aliirarua kazi yake nzuri kuliko zote huku akicheka. Cherehani ikaingia.

Alipoelezwa, Fimbo hakuamini. Alizima tik, akaweka maikrofoni moja mbele ya Breki na nyingine karibu na kanyagio. "Haya, mama yangu, kanyaga tu."

Mama alikuwa ameelewa sasa, maana dada alimpigia kelele sikioni mpaka kioo kikatikisika. Akakunja mikono. "Nikanyage bure? Mimi sishoni hewa. Cherehani haidanganywi, mwanangu. Lete shati."

Likaletwa shati. Mama akaweka kola, akateremsha kile kimguu cha kubania kitambaa, akakanyaga. Breki akafunga macho, akaimba. Hakuwa na hedifoni, hakuhesabu kitu. Mstari wa tatu ulipofika, alimsikia mama yake akipunguza, akapunguza naye, na kwa mara ya kwanza maishani hakuchelewa mahali popote. Nyuma ya kioo Fimbo alisimama, akasahau mgongo, mikono ikaanza kupiga ngoma hewani, na penye ncha ya kola mikono yake yenyewe ikasubiri.

Wimbo ukaisha. Mama akakata uzi kwa meno.

"Miaka kumi na minane," Fimbo alisema kwenye kipaza sauti, akifuta macho kwa kiganja. "Breki, ndugu yangu, nilikufukuza kwa ajili ya shati."

"Acha kulia, tusikilize!" dada alimkemea, naye mwenyewe anafuta macho kwa kola ya mtoto wa watu.

Wakamvika mama hedifoni. Breki alisogeza upande wa kushoto ukae sawasawa sikioni. Fimbo akapandisha sauti, akapandisha tena, mpaka wote mle ndani wakausikia ukivuja pembeni. Mama alikaa wima, mikono juu ya cherehani. Uso wake haukubadilika, na Breki akawaza: tumechelewa, dirisha limefungwa.

Kisha akaona kiatu. Chini, juu ya kanyagio, kidole cha mguu wa mama kilikuwa kinagonga polepole. Kilifika mstari wa tatu, kikapoa, kikageuka, kikaondoka.

Wimbo ulipokwisha, mama alivua hedifoni, akamgeukia mwanawe.

"Nimeusikia," alisema. "Wote." Akamfuta uzi uliomganda shavuni. "Lakini ncha ya pili ya kola umeikimbiza. Mtoto atatembea shingo upande. Rudia."

"Mama, ni mzuri hivyohivyo!" dada alipiga kelele.

"Nimesema rudia. Na mashati bado ninayo kumi na tisa."

Breki akalikumbatia gitaa, meno yote nje. Mama akachukua shati jingine, akalilaza chini ya sindano. Nyuma ya kioo Fimbo aliinua kidole kuhesabu, akakumbuka, akakishusha, akasubiri mguu wa mama kama wengine.