Mama Kipimo na Chumba cha Ngoma

Tangu tarehe 3 Machi mwaka juzi, mtunza ghala wa makumbusho yetu amepima unyevu wa chumba kimoja kitupu mara tatu kila siku. Walinzi wanamwita Mama Kipimo. Hugonga kioo cha kipimo kwa ukucha, husoma namba kwa sauti, kisha huiandika kwa penseli fupi isiyozidi kidole gumba. Chumba kinasubiri ngoma ya mababu, ambayo makumbusho ya ng'ambo yalikuwa yakikataa kuirudisha kwa hoja kwamba huku itaoza. Wenye makumbusho hayo walipotaka rekodi za unyevu ili waamue, mkurugenzi wetu aliweka kidole kwenye namba moja.

“Mama, hii sabini na nane si itatuponza? Iandike hamsini. Nani atajua?”

“Ngoma itajua, bosi,” alijibu, huku akichonga penseli. Kando ya namba akaongeza: umeme ulikatika saa saba, mashine ya kukausha hewa ikazima; ukarudi saa tisa.

Jibu limekuja wiki hii. Wanasema ukurasa huo ndio uliowafanya waamini kurasa nyingine zote. Ngoma inafika Alhamisi. Sanduku litakaa siku mbili bila kufunguliwa ili ngozi na mbao zizoee hewa, na waandishi wa habari wameshaambiwa na Mama Kipimo wasubiri nje.