Siku Mama Alipooshwa Bwawani

Harufu ya tope la bwawa hainitoki puani. Jumanne iliyopita binti yangu alikuwa mezani, kamusi yake ya Kiingereza imefunguliwa kando ya sahani ya wali, akitafuta neno alilopewa shuleni, broads. Akanisomea: maana ya kwanza, maziwa mapana yenye maji ya kina kifupi, huko mashariki mwa Uingereza, maana ya pili, jina la kihuni ambalo wanaume huwaitia wanawake. Akacheka mpaka wali ukampalia. Mimi sikucheka. Maji mafupi, wanawake, na wanaume wanaojua kuwapa majina: hapo hapo nikanusa tope la bwawa la Woluwe, majani yaliyooza na kinyesi cha bata, na hasira ikanipanda kana kwamba mambo yale yalitokea jana asubuhi. Nikamwambia amalize chakula chake. Nisichomwambia yeye nawaambieni ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, nasi, mimi na mama, tuliishi Etterbeek, mtaa mmoja wa Brussels, kwenye ghorofa ya tatu, juu ya fundi viatu. Miaka yote hiyo miwili mama alivaa nyeusi. Blauzi nyeusi, sketi nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, hata soksi. Watu wetu ni wa Lubumbashi, Kongo, na kwetu mjane hajivui nguo za msiba kwa kujiamulia. Ukoo wa mume ndio unaomvua. Dada wa marehemu humpeleka mtoni, humwosha kwa mikono yake mwenyewe, husema maneno ya kumwachilia, kisha humvika kitenge kipya. Kuanzia hapo yule mama anakuwa mtu kama watu wengine. Kabla ya hapo hapiki kwenye sherehe ya mtu, hachezi, habebi mtoto mchanga, na ikitokea akajivua mwenyewe, husemwa kwamba marehemu atawafuata watoto wake.

Dada wa baba alikuwa mmoja tu, Shangazi Régine, na alikuwa Lubumbashi. Aliomba viza mara tatu, mara tatu akanyimwa. Basi mama akaendelea kuvaa nyeusi akimsubiri mtu ambaye ubalozi haukutaka aje. Hapakuwa na aliyeona ajabu, isipokuwa mama. Mdogo wake baba, Tonton Floribert, mtu wa koti la ngozi na sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, alikuwa akija kwetu kila Jumapili kumkagua. Nilimsikia kwenye simu akimtaja mama, na hakuwahi kumtaja kwa jina lake. Alisema "mujane yetu", kama mtu anavyosema gari letu au kabati letu. Mama alikuwa na jina, anaitwa Béatrice, na ninaliandika hapa kwa makusudi.

Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, huko huko Woluwe. Wazee walikuwa wakimwogopa. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila mama akiingia na sinia ya chai aligeukia ukutani akafumba macho, maana alidhani kifo kimekuja kumchukua na kimemletea biskuti. Tulicheka nyumbani kwa hilo, mwanzoni. Baadaye mkuu wake alimwita na kumwambia, kwa ule upole wa watu wa ofisini, kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa tano, na kwamba wakaazi wangefurahi kuona rangi. Mama akaenda kwa Tonton Floribert akamwambia, nivueni au nikose kazi. Ndipo ukoo ukapata maarifa: Shangazi angemwosha kwa simu.

Msicheke bado. Simu ingewekwa kipaza sauti, Shangazi angesema maneno kutoka Lubumbashi, na mke wa Tonton, Tantine Odette, angekuwa mikono yake. Kadi ya kupigia simu ng'ambo, yenye dakika zake za kuhesabu, ilinunuliwa kwenye duka la barabara ya Chaussée de Wavre. Kilichobaki kilikuwa mto, na Brussels mto wake waliuzika zamani chini ya barabara. Tonton akasema ameona maji makubwa Woluwe, akipita na gari. Ameyaona mapana, akadhani yana kina. Hakushuka kuangalia.

Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa nne, asubuhi, kukiwa na baridi ya kuuma masikio. Kazi yangu ilikuwa kubeba begi lenye nguo mpya: kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, shati la ndani, taulo na kandambili. Garini Tonton alinigeukia, akaweka kidole kwenye goti langu, akaniambia polepole nisikie vizuri.

"Ile begi, haufungue mupaka Shangazi amalize maneno. Ukimupatia mama yako nguo mbele ya maneno, papa yako atamukamata. Na wewe pia. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Mama alikuwa amekaa mbele, akitazama nje. Leo mimi ni mama wa mtoto wa umri ule ule, na nikifikiri kwamba mtu mzima alimwambia mtoto maneno hayo, kuhusu baba yake mwenyewe, ambaye mtoto huyo alikuwa bado akimlilia chini ya blanketi, natamani kumfufua Tonton Floribert nimzabe kofi kabla sijamrudisha alikokuwa.

Mwanamume haruhusiwi kuona mjane akioshwa. Kwa hiyo Tonton alibaki kando ya gari, ameligeuzia bwawa mgongo, lakini shingo yake ilikuwa ikigeuka kila dakika. Mama akavua viatu akaingia majini na nguo zake nyeusi. Tantine Odette akamfuata, sketi ameifunga kiunoni, mkono mmoja umeinua simu juu kama anayeogopa kulowesha mtoto. Bata wakaondoka kwa hasira. Mimi nilitembea ukingoni, nikilizunguka bwawa sambamba nao, begi kifuani.

Sauti ya Shangazi ilitoka kwenye simu ikikwaruza. "Mayi inafika wapi?"

"Mu magoti," alijibu Odette.

"Aende mbele. Inafaa ifike mu kifua."

Wakaenda mbele. Maji yakabaki magotini. Wakaenda tena. Sehemu moja yalipungua yakawa kwenye vifundo vya miguu, na tope likamnyonya mama mguu mpaka akashika bega la Odette ili asianguke. Tulikuwa tumeshafika karibu na upande wa pili. Shangazi, ambaye hakuwa akiona chochote, alianza kukasirika.

"Munanichezea? Ni mutoni gani hii ya magoti?"

"Shangazi, mayi ya huku iko hivi," alisema Odette. "Ni ya bata."

"Basi alale. Mayi ipite mu kichwa. Bila ile sisemi kitu."

Mama akalala. Ninawaambia nilichokiona: mama yangu, mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata taulo za jikoni, alijilaza chali kwenye tope la bata, akajipindua ubavu ili maji yamfunike uso, akainuka akikohoa, na jani limemganda shavuni. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi walipunguza mwendo. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama, akamwambia mbwa wake kwa sauti ya kusikika na wote, "Regarde-moi ces bonnes femmes." Yaani, hebu watazame hao bonnes femmes, jina ambalo wanaume wa hapa huwaitia wanawake kwa dharau; ukilitafsiri neno kwa neno linageuka kuwa sifa, wanawake wema, na mimi siku ile niliona haya, nikatamani wale wanawake wawili wasiwe wangu.

"Amepita kichwa!" Odette alipiga kelele. "Shangazi, sema maneno!"

Shangazi akaanza. Akawataja wazee wa ukoo, mmoja mmoja, bila haraka, kama inavyopasa. Akafika kwa babu. Akamtaja baba. Kisha simu ikalia mara mbili na kunyamaza. Kadi ilikuwa imekwisha.

Odette akamwangalia mama, mama akamwangalia Odette. Halafu mama akageuka, akatembea kuja upande wangu, maji yakimchuruzika kwenye mikono. Akatoka majini, hatua chache mbele yangu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na meno yalikuwa yakigongana kiasi cha kunitisha. Akanyoosha mkono.

"Leta begi, mama."

Aliniita mama, kama tunavyowaita mabinti zetu tukiwapenda. Na ng'ambo ya maji Tonton Floribert alikuwa amegeuka mzima, mila au si mila, akipunga mikono.

"Usimupatie! Maneno haiyaisha! Mutoto, usimupatie!"

Nikasimama. Nikalibana begi kifuani kwa mikono miwili. Mama aliendelea kunyoosha mkono. Mimi niliutazama mkono ule kisha nikamtazama Tonton, nikainamisha macho nikaangalia kandambili zilizochomoza kwenye zipu. Sikumpa.

Mwishowe mkono ukashuka. Mama akafungua vifungo vya blauzi, akaivua, akavua na sketi, na kitambaa, akaviacha vyote pale kwenye tope. Akabaki na gaguro lililolowa. Odette, aliyekuwa ametoka majini nyuma yake, akavua koti lake akamfunika, kisha akamshika kiuno wakaondoka kuelekea kituo cha basi bila kumtazama Tonton. Mimi niliwafuata nyuma na begi langu. Dereva wa basi alitutazama, akafungua mlango, akatazama mbele.

Jumatatu mama alikwenda kazini na blauzi ya manjano. Mkataba ukarefushwa. Mimi niliumwa mafua siku nne, nikaandika wosia kwenye daftari la hesabu nikigawa midoli yangu, maana nilijua baba amekuja kunichukua. Baba hakuja. Yaliyokuja ni maneno ya watu: Tonton alieneza Matonge nzima, mtaa wa Wakongo wa Brussels, kwamba mujane yetu hakuoshwa, kwamba alijivua mbele ya Wazungu, na kwa miaka mingi kulikuwa na kina mama ambao kwenye sherehe walipitisha sahani ya mama kwa mwenzao bila kuonja. Mtu aliyeshindwa kushuka garini kupima maji ndiye aliyempima mama yangu. Amekufa, Mungu amweke panapomstahili, na mimi sijamsamehe hata ukucha.

Jumatano, kesho yake baada ya ile kamusi, nilikwenda kwa mama Etterbeek. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza kwa miaka yote: kwa nini hakuninyang'anya begi. Nilikuwa mtoto mwembamba, angelichukua kwa kidole kimoja.

"Ulikuwa mutoto," alisema, na kuendelea kuchambua.

Nikamwambia sitaki jibu hilo. Nilitaka anikasirikie, hata leo, hata kidogo. Nilipandisha sauti, na mama akaweka majani chini, akafuta mikono kwenye aproni.

"Bon. Nilikuwa naweza kukunyang'anya. Lakini watu ya papa yako walishachukua vitu yangu mingi, nikasema huyu, acha anipatie yeye mwenyewe. Alors nikaanza kuhesabu mu roho. Nikafika vingt. Kisha nikaona baridi itaniua, nikaacha."

Akarudia sombe yake. Kwa hiyo nilichodhani utoto wangu wote kuwa ni mama kuzubaa kwa baridi kilikuwa ni mama akinisubiri. Alihesabu mpaka ishirini, namba baada ya namba, mkono umenyooka. Nilikuwa na nafasi zote ishirini, na kati yetu kulikuwa na hatua nne.