Jinsi Doña Herlinda Alivyotupatia Idara

Ukiuliza leo ni nani aliyetupatia Idara ya Masomo ya Wachikano, yaani sisi Wamarekani wenye asili ya Meksiko, pale chuoni, watu watakutajia maandamano, mabango, na siku ile tulipokalia ngazi za ofisi ya mkuu wa chuo mpaka polisi wakaja. Mimi Ofelia nilikuwepo kwenye ngazi hizo, na makalio yangu bado yanaikumbuka baridi ya ile saruji. Lakini ukiniuliza mimi, nitakwambia ni Doña Herlinda Zaragoza, na kitoto kichanga ambacho hakikuwa kimebatizwa.

Doña Herlinda alikuwa jirani yetu, upande wa reli, kule ambako vumbi la mashamba ya zabibu huingia hadi kwenye sukari. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa wa mtaa mzima. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na watoto watano, na tangu usichana wake alikuwa akichambua zabibu kavu kiwandani. Mwaka wa 1970, kitinda mimba wake alipoanza shule, alijiandikisha chuoni. Tulidhani anatania. Siku ya kwanza aliingia darasani na kikapu cha sokoni, akakaa kiti cha mbele kabisa, akatoa daftari na chupa ya kahawa, akamwambia Mwalimu Arriaga, "Haya mwalimu, anza. Nimeacha maharage jikoni."

Lilikuwa darasa la majaribio, la kwanza la historia ya watu wetu katika bonde letu. Doña Herlinda alichagua kuandika habari za wanawake waliowapikia wagomaji wa pamba miaka ya thelathini. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahoji vikongwe, akirudi na karatasi zenye madoa ya pilipili.

"Ofelia, hebu fikiria," aliniambia siku moja, macho yakimng'aa. "Miaka yote nilidhani historia ni mambo ya marais. Kumbe hata mama yangu na sufuria lake wamo!"

Sijapata kuona mtu aliyefurahia kusoma namna ile. Sisi vijana tulikuwa tunasoma kwa hasira. Yeye alisoma kama mtu anayekula baada ya kufunga.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mumewe, Don Epigmenio, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mzito wa maneno, na nyumba ile ilihitaji mishahara miwili. Alimwekea sharti mapema. "Mpaka Krismasi," alimwambia. "Hilo darasa lako likiwa kitu cha kweli, tutaona. Likiwa mchezo wa vijana, Januari unarudi kiwandani." Naye Doña Herlinda alikubali, kwa kuwa alikuwa na hakika halitakuwa mchezo. Hakuwa anatujua vizuri.

Bodi ya chuo, kwa kuchoshwa na kelele zetu, ilisema itapiga kura wiki moja kabla ya Krismasi. Tulete pendekezo moja la idara. Likikubaliwa, darasa litaendelea na mengine yatafuata. La sivyo, yote yafungwe. Sasa sisi, Mungu atusamehe, tulikuwa na mapendekezo mawili. Mwalimu Wenceslao Arriaga alitaka idara yenye vitabu, maktaba na walimu wenye shahada. Fidencio Luján, kiongozi wetu wa wanafunzi, alitaka wanafunzi wawachague walimu, na wazee wa mtaani waje kufundisha. Mimi nilikuwa kambi ya Fidencio, na nilipiga kelele kuliko wengi. Fidencio aliandika katika gazeti letu kwamba Arriaga ni nazi, kahawia nje na Mzungu ndani. Arriaga naye akasema mbele ya darasa zima kwamba Fidencio amesoma kitabu kimoja maishani, na hicho chenyewe hajakimaliza. Baada ya hapo hawakuweza kukaa chumba kimoja. Na kila mtu alijua bodi ikiona karatasi mbili itazitupa zote mbili, kisha ikanywe chai.

"Hawa watanirudisha kwenye zabibu," alisema Doña Herlinda. Siku hiyo hakucheka.

Kesho yake alikwenda kwa Socorro, mke wa Arriaga, ambaye alikuwa na binti wa miezi minne. Mtoto hakuwa amebatizwa kwa sababu walikuwa wakimngoja mdogo wake Arriaga arudi kutoka vitani Vietnam awe msimamizi, na jeshi lilikuwa limemwongezea muda. Bibi wa mtoto alikuwa halali kwa wasiwasi. Sijui walizungumza nini wale wawili jikoni. Nilichoona kwa macho yangu ni jioni ile, tukiwa kwenye mkutano sebuleni kwa mama yake Fidencio, mlango ukafunguliwa, akaingia Socorro na mtoto mikononi, na Doña Herlinda nyuma yake akiwa amevaa shali yake ya kanisani.

"Fidencio," Socorro alisema, "nimekuja kukuomba umsimamie binti yangu ubatizo. Jumapili hii."

Kwetu, ombi hilo halikataliwi. Anayekataa anamkataa mtoto. Na ukishakubali, wewe na baba wa mtoto mmekuwa makompadre, na makompadre hawatukanani. Hata kama walikua pamoja wakiiba matikiti, tangu siku ile wanazungumza kwa heshima hadi kifo.

Fidencio alibadilika rangi. "Lakini, Doña Socorro, mimi hata kanisani siendi. Siamini hayo mambo."

"Nani amekuuliza unaamini nini?" mama yake alifoka kutoka jikoni. "Mtoto anangojea jibu! Tutashukuru sana, Socorro, mwanangu. Atakuja na suti."

"Mama!"

"Suti ya marehemu baba yako. Nyamaza."

Huko kwake, Arriaga alipopata habari, naambiwa alizunguka meza akishika kichwa. Lakini mkewe alikuwa ameshaomba, na ombi la namna ile halirudishwi.

Jumapili mtoto alibatizwa jina la Amparo, akalia vizuri, padre akafurahi. Tukatoka nje. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa uani wakimngoja msimamizi, wakipiga kelele, "Bolo! Bolo!" Hapo ndipo msimamizi huwarushia sarafu. Fidencio hakuwa amehudhuria ubatizo tangu ule wa kwake. Akajipapasa mifuko ya ile suti: beji za mgomo, kalamu, kipande cha chaki. Watoto wakaanza kuimba, "Msimamizi mkavu! Msimamizi mkavu!" Jamaa aliyesimama mbele ya polisi bila kupepesa macho, jasho lilimtoka. Wimbo ule wa kumcheka bahili ukishaimbiwa, hata ukizeeka watu watakukumbusha.

Basi Arriaga akasogea, kama mtu anayetaka kumpa mkono wa pongezi, akammwagia kiganjani sarafu tele. Fidencio akaziangalia. Kisha akazirusha juu, watoto wakazigombania vumbini, wimbo ukafa.

"Asante, kompadre," alisema kwa sauti ndogo.

"Si kitu, kompadre."

Baadaye Socorro aliniambia kwamba mumewe alipita benki Ijumaa kuchenji noti, akisema, "Yule kijana atasahau tu."

Tulikula kuku wa mole, ule mchuzi wetu mzito wa pilipili, uani kwa Arriaga. Sahani zilipoondolewa, Doña Herlinda aliweka yale mapendekezo mawili mezani kati ya makompadre, akachukua bia zote. "Bia mtaipata mkimaliza," alisema. Tukawasikia kutoka kivulini.

"Kwa heshima zote, kompadre, ukurasa wako wa tatu ni takataka," Fidencio alianza.

"Nashukuru kwa mawazo yako, kompadre. Na mimi kwa unyenyekevu naona hivyo hivyo kuhusu wako wa kwanza hadi wa tisa."

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Lakini jua halijazama walikuwa na karatasi moja: maktaba na walimu wenye shahada, wanafunzi wakae kwenye kamati ya kuajiri, na wazee wa mtaani wafundishe sehemu yao. Bia zikarudi.

Mbele ya bodi, mwenyekiti aliuliza nani msemaji. Arriaga akasema, "Kompadre wangu." Fidencio akasema, "La hasha, kompadre wangu." Walibembelezana pale mpaka mwenyekiti akawaambia waseme wote wawili, bora waseme. Kura zikawa tatu kwa mbili. Tulirushana kofia kwenye korido, na Doña Herlinda alimkumbatia hata mlinzi.

Kwake nyumbani alimweleza mumewe matokeo. Don Epigmenio alisema, "Ahaa," akaendelea kula. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, hakusema ndiyo wala hapana, na Doña Herlinda hakuthubutu kuuliza. Aliniambia ile "tutaona" ilimkaa kooni kuliko kura ya bodi.

Kisha asubuhi moja nyapara wa kiwanda akaja mlangoni. Doña Herlinda alikuwa mezani na karatasi zake. Don Epigmenio ndiye aliyefungua, buti zikiwa bado na matope ya kumwagilia mashamba.

"Tumtarajie Herlinda Jumatatu?" nyapara aliuliza.

Doña Herlinda akaweka kalamu chini.

"Jumatatu ana darasa," alisema Don Epigmenio.

"Darasa? Umri ule? Na mshahara wake je?"

"Nimechukua zamu ya Jumapili. Ilishaanza wiki iliyopita."

Doña Herlinda akatoka mbio hadi mlangoni. "Zamu gani ya Jumapili, wewe mzee? Si uliniambia unakwenda kuvua samaki?"

"Umeona samaki yeyote?" Don Epigmenio alimjibu, akaenda kuvua buti.

Doña Herlinda alikuja kwetu saa ile ile kunisimulia, akicheka na kulia kwa pamoja, hata nikamkalisha kwenye kiti nikampa kahawa. Jumatatu tulikwenda chuoni pamoja kwa miguu.