Jotham na Matofaa Saba

“Kabla ya Idi nitaishangaza Dubai kwa tofaa!”

Jotham aliyasema haya kanisani, kwenye ibada yetu ambayo Dubai husaliwa Ijumaa, kwa maikrofoni, alipoitwa mbele kusoma matangazo ya chakula cha ushirika. Watu wakapiga makofi. Walidhani analeta matunda.

Kwa wasiomjua, Jotham ni mtu wa Nyahururu, mwenye shingo ya kumtosha twiga mdogo. Kwao alichora mabango ya vinyozi, na vichwa vyote alivyochora, cha mzee, cha mtoto, cha mwanasoka, vilikuwa kichwa cha shemeji yake. Mwaka 2012 akaja Dubai, akavishwa sare nyeusi ya usalama, akasimamishwa nje ya jumba la sanaa. Mlango ulikuwa wa kioo. Kila mgeni akiingia, ubaridi wa AC ulimpiga Jotham usoni sekunde nne, pamoja na nusu sentensi ya mwelekezi aliyekuwa ndani. Hicho ndicho chuo alichosomea sanaa.

Huko ndiko alikomjua Cézanne, mchoraji Mfaransa ambaye inasemekana aliapa kuishangaza Paris kwa tofaa, na aliyechora polepole mpaka matunda yakamwozea mezani. Jotham alichukua majigambo na uzito wa mkono. Kipaji alimwachia mwenyewe.

Julai 2014, joto digrii arobaini na sita, madam mwenye jumba alimfumania akichorachora nyuma ya daftari la zamu. Akamwambia amletee picha moja kabla ya Idi. Ikimpendeza, atamhamishia ndani, awe anatundika picha. Ndani! Kwenye AC! Sisi tuliokaa naye kwenye kambi ya wafanyakazi ya Al Qusais tulijua alivyokuwa akirudi, soli zimelainika, chumvi ya jasho imechora ramani mgongoni. Kwa hilo hatukumcheka. Sana.

Wiki mbili alichora sahani na kitambaa tu, chumbani, kwa taa. Matofaa, alisema, yanataka mwanga wa jua. Basi siku mbili kabla ya Idi akayapanga matofaa saba mekundu kwenye meza ya ukumbi wa kulia, karibu na dirisha, jua likielekea kuzama. Mkristo wa Nyahururu anajua kuwa Ramadhani watu hawali hadharani mchana. Asichojua ni kwamba tunda likipangwa mezani muda mfupi kabla ya magharibi, hiyo ni futari, na aliyeliweka anatafuta thawabu.

Watu wakaanza kuja. Mzee Marhun, dereva wa basi letu, Mzanzibari aliyezeekea Dubai, akavuta kiti. Wakafuata wengine kumi na wanne, wakakaa kimya kuizunguka meza, macho kwenye matofaa. Jotham akafurahi. Hakuwahi kupata watazamaji.

“Karibuni, sogeeni,” akasema.

“Ahsante, mwanangu,” Mzee Marhun akajibu. “Mungu akuzidishie.”

“Mnaliona hili la kushoto? Linataka kuanguka, lakini halianguki.”

“Naliona, baba. Tangu niingie nalitazama hilo hilo.”

Zephania, mwenzetu wa chumbani, akamnong’oneza, “Jotham, hawa watu...”

“Nyamaza! Sanaa inataka utulivu.”

Adhana ikalia. Mzee Marhun akasema Bismillahi, akatoa kisu cha kukunja, akayagawa matofaa kwa haki ambayo hata mahakama hazina. Dakika moja baadaye zilibaki sahani, mbegu, na Jotham na brashi yake hewani.

“Wazee! Hayo yalikuwa ya kuchora!”

Mzee Marhun akaacha kutafuna. “Ya kuchora? Si umesema karibuni?” Haya ikamjaa, akaahidi kununua mengine. Jotham akakataa: hayo yangekuwa na mwanga mwingine. Sababu yenyewe ilikuwa hofu. Tangu azaliwe hajachora kitu cha mviringo kisigeuke shemeji.

Akampelekea madam picha ya sahani yenye madoa saba meupe, nafasi alizoyaachia matofaa. Madam akayatazama, akauliza matunda yako wapi.

“Watu wamefuturu nayo, madam.”

Madam akashika kifua. Akasema Cézanne naye aliacha sehemu za turubai wazi. Picha ikatundikwa, ikaitwa “Futari”, na Jotham akaingia ndani. Wiki nzima alirudi kambini mkavu, akilalamikia baridi, mshenzi yule.

Halafu watu wa Ijumaa wakaja kuiona.

“Bwana asifiwe, ndugu Jotham,” akasema Monicah wa kwaya. “Tofaa liko wapi?”

“Ni wazo, dada.”

“Ulituahidi tofaa. Kwa maikrofoni. Hata moja?”

Asubuhi iliyofuata, kabla jumba halijafunguliwa, Jotham alishusha picha akajaza madoa yote saba kwa rangi nyekundu. Madam alipofika, matofaa saba yalikuwa yanamtazama. Mawili yalikuwa na masikio.

“Khalas, Jotham,” akasema, akamnyooshea kidole mlango wa kioo.

Yuko nje mpaka leo. Picha iko juu ya kitanda chake, mashemeji saba kwenye sahani, na Zephania huapa kwamba wa kushoto kweli anataka kuanguka. Mzee Marhun alimletea matofaa ya badala hata hivyo, na Jotham akayala palepale mlangoni, bila kuchora hata moja. Yalinunuliwa sokoni, mtaa wa Karama. Kilo moja, dirham sita.