Breki ya Kandambili

Mzee ninayemhudumia hapa ughaibuni, mjini Lackawanna, anaendesha baiskeli sebuleni. Gurudumu la nyuma limebanwa kwenye roli ya chuma inayolifanya lizunguke papo hapo, na mbele yake televisheni inamwonyesha barabara za mashambani Ufaransa: mizabibu, ng'ombe weupe, kanisa dogo kwenye kona. Tangu mguu wake mmoja upooze, hajawahi kufika mwisho wa njia hiyo. Leo tairi lilipopata moto, harufu ya mpira ilinikuta nakunja nguo zake.

Baiskeli ya Papa, baba yangu kule nyumbani, haikuwa na breki, waya zilikatika zamani. Siku aliyonipeleka kuanza shule alinikalisha kwenye keria, akaniambia breki ni mimi. Tukateremka mlima. Kila kona aliita, "Kanyaga!" nami nikaibana kandambili yangu mpya kwenye tairi kwa nguvu zote. Ikatoa moshi, unyayo ukaanza kuungua.

"Papa, kiatu inaisha!"

"Kanyaga tu, mama. Kiatu tutapata ingine."

Niliingia darasani na kandambili yenye tundu, kichwa juu, maana nilikuwa nimemfikisha baba yangu chini salama.

Kwenye televisheni barabara ilianza kuteremka kwenda mtoni. Mzee akashika usukani kwa mikono miwili, akauliza kama bado ni mbali.

"Wewe endelea tu," nikamwambia. "Breki ni mimi."

Akacheka, akaendelea. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakanyaga zulia.