Gari Jeupe la Mchungaji wa Kikorea

Nilimtuma mume wangu akapatanishe watu ambao hawakugombana. Ni ujinga wangu wa miaka ile ya elfu mbili na kitu, na hapa Stockholm bado wapo wanaonicheka.

Mume wangu alikuwa mchungaji wa kanisa letu la Waswahili, wengi wao Wakongomani na Warundi. Ukumbi tulipanga pamoja na Wakorea: wao asubuhi, sisi mchana. Kila Jumapili mke wa mchungaji wao aliwapakulia watu wote supu, yeye akala mwisho, amesimama. Kisha yeye na mumewe walitoka wakaketi ndani ya gari lao dogo jeupe. Hawakuwasha injini, wala hawakwenda popote. Theluji iliwafunika taratibu, vioo vikaingia ukungu, hata gari likawa kama yai lililosahaulika uani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinikuta nje ujue maziwa yameisha. Lakini jiko la kanisa lina dirisha, na elimu yangu ya sekondari ikaniambia: hawa wamenuniana.

"Baba watoto," nikamwambia mume wangu, "ndoa ya wenzetu inaungua. Wapelekee chai, uwasemeshe."

"Wamekuambia?"

"Mtu akinuniwa na mumewe hutangaza?"

Akachukua chupa ya chai, akaenda kugonga kioo. Alirudi na chupa ileile, na chenza mkononi.

"Haya, wamegombania nini?"

"Mama amevua viatu, miguu ameiingiza ndani ya koti la mzee. Wanakula machenza. Siku nyingine nenda mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilimwomba radhi yule mama jikoni, kwa Kiswidi chetu cha kuokoteza. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Kwao, alisema, waumini huingia tangu sala ya alfajiri, na simu hulia chakula kikiwa mezani. "Nyumbani anawamenyea wageni matunda," akaniambia. "Garini ananimenyea mimi."

Nilicheka naye, kisha nikaikumbuka nyumba yangu. Kwetu, mtaa wa Husby, kochi halikukosa mtu: huyu kaja kuombewa, yule kaja kusomewa barua ya Kiswidi. Mume wangu alijua jino la nani linauma kanisani kote, na mimi nilikuwa nimekata nywele, hajaona. Nikajikuta nalionea wivu gari. Nilitaka kujua kama yule mtu bado ni wangu, au nilishamtoa sadaka bila kushtuka. Na gari hatukuwa nalo. Tulipanda metro, na kwenye metro ya Husby hukosi muumini wa kukusalimia.

Tulichokuwa nacho ni chumba cha kufulia, chini ya jengo, ambako kila nyumba huweka zamu yake na simu haishiki mtandao. Nikaweka zamu ya Jumatano mchana, nikamwambia kikapu ni kizito, anisaidie.

Alishuka. Akaitazama simu, imekufa, akairudisha mfukoni. Tukaketi juu ya meza ya kukunjia nguo. Mashine ya kukaushia ilizunguka, ikazunguka, joto lenye harufu ya sabuni likatuzingira, na katika kidirisha cha juu buti za watu zilipita kimya ndani ya theluji, kama za watu wa nchi nyingine. Nikatoa chenza mfukoni. Akalimenya vibaya, akalipasua, akanipa kipande kikubwa.

"Umekata nywele," alisema.

"Mwezi uliopita, Mchungaji."

"Na hukuniambia?"

"Ningepanga foleni pale kwenye kochi?"

Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla ya uchungaji. Nikavua viatu, nikaingiza miguu ndani ya sweta lake. Sijui mashine ilinyamaza saa ngapi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kikongo, kakumbatia furushi. Akatazama miguu yangu, akamtazama mchungaji wake, akasema:

"Mama Pasta, saa yenu imeisha. Mapendo mutaenda kumalizia juu. Miye niko na mashuka ya mikojo hapa."