Mtahini Aliyeniomba Nitangaze Goli

Mtahini alifunga faili langu, akavua miwani, akasema: "Maswali ya kodi yameisha. Sasa nitangazie goli."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Goli gani, Bibi?"

"La Jumapili. Lile la dakika za mwisho."

Wenzake wawili wakatazamana. Siri ile waliijua watu wachache sana kule kwetu Sfax, na niliyekuwa namficha kuliko wote alikuwa amekaa kwenye korido, nyuma ya mlango ule ule, ananisubiri.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Wajdi. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, nikalelewa na mjomba Abdelmajid, kaka yake mama. Mjomba ni mhasibu, ana ofisi yake katikati ya mji, na wateja wake wengi ni wauza mafuta ya zeituni. Hakujaliwa mtoto. Hata ndevu zilikuwa hazijaniota, ilishaamuliwa kwamba ofisi ile itakuwa yangu.

Sasa, kufikia hatua ya kusaini hesabu za watu, kwetu si mchezo. Unasoma chuo, unasoma tena, unatumikishwa chini ya mtu miaka na miaka, unaandika tasnifu, halafu ndiyo unakwenda Tunis kukaa mbele ya jopo. Niliianza njia hiyo nikiwa na nywele za kuchana. Mpaka nafika mbele ya jopo, paji la uso lilikuwa limehamia utosini.

Na nyumbani kila kitu kilikuwa "baada ya mtihani".

Harusi yangu na mchumba wangu Olfa? Baada ya mtihani. Jino linaloniuma? Meza dawa, baada ya mtihani. Mama akitaka kwenda kumwona dada yake Marseille, anajijibu mwenyewe: "Acha kwanza Wajdi amalize."

Nilikuwa kama mtu aliyekaa stesheni na mizigo yake. Treni haiji, na haruhusiwi kutoka nje hata kunyoosha miguu.

Kitu kimoja tu kilinipa pumzi. Mpira.

Si kucheza, mguu wangu ni wa mbao. Kutangaza.

Rafiki yangu Hatem alikuwa anarusha mechi za mtaani kwa simu yake, kwenye kiwanja cha vumbi karibu na mashamba ya chumvi. Siku moja mtangazaji wake hakutokea, akanisukumia kipaza sauti.

"Sema chochote, kaka. Watu wanasubiri."

Nikasema. Sijui maneno yalikuwa yanatoka wapi. Beki mmoja mnene nikambatiza Kabati. Kipa aliyekuwa anaogopa krosi, nikasema anasubiri mpira umletee kadi ya mwaliko.

Wiki iliyofuata watu wakaongezeka. Muda si mrefu madereva wa teksi wakawa wananisikiliza kwenye simu zao huku wanaendesha. Jina langu hawakulijua. Nilijiita Mwana wa Chumvini.

Mjomba akajua. Sijui nani alinichoma.

Hakugomba. Alinikuta mezani kwangu, akasema taratibu: "Mtu hawezi kusaini hesabu za kiwanda asubuhi, jioni anapiga kelele kama muuza samaki. Faulu kwanza. Ukishafaulu, piga kelele mpaka ukauke."

Nikamwahidi nimeacha. Na kweli nikaacha.

Mwaka ule nilijifungia chumba cha juu na vitabu. Mama alikuwa ananiletea chakula mlangoni, ananong'ona kama kuna mgonjwa ndani. Nasoma ukurasa, nafika chini, sikumbuki juu ulisemaje. Jumapili alasiri kelele za kiwanjani zilikuwa zinaletwa na upepo mpaka dirishani. Nikawa nalifunga dirisha, joto lote lile.

Nikafeli. Tena vibaya.

Olfa alinikuta uani nimeinama. Olfa ni mfamasia. Haongei sana, na akiongea hazungushi.

"Wajdi, mimi nilichumbiwa na mtu. Siku hizi nakuja kutembelea maiti inayosoma."

"Sasa nifanyeje?"

"Jumapili nenda kiwanjani. Jumatatu soma. Ukifeli ukiwa hai, tutajua la kufanya."

Nikarudi kwa siri. Mjomba nikamdanganya kwamba Jumapili nakwenda maktaba.

Ajabu ni kwamba masomo yakaanza kuingia. Saa zilikuwa chache, lakini nilizisoma kweli. Shida ikawa ule uongo. Kila nikishika kipaza sauti nahisi Mjomba amesimama nyuma yangu, na kila nikikaa naye ofisini nahisi nina vumbi la kiwanja kwenye kola. Sikuwa huru huko, sikuwa huru huku.

Basi ndiyo nikajikuta Tunis, mbele ya mtahini yule, Bi Kammoun, mwenyekiti wa jopo, na Mjomba aliyenileta kwa gari yuko koridoni.

"Bibi, hilo goli na mtihani vinahusiana nini?" nikauliza.

"Havihusiani. Alama zako tumeshaandika na hazibadiliki. Baba yangu yuko Sfax, macho yameshamzimika. Nikienda kumwona Jumapili, namshikia simu sikioni, anakusikiliza. Ulipofungua mdomo tu nikakujua. Nimejikaza hadi tumalize."

Nikatazama mlango. Nikamtazama yeye. Hakuwa anatania.

Nikaanza kwa sauti ya chini. Kabati anapokea mpira, anampita mtu, anampita wa pili, hajawahi kuvuka nusu ya uwanja maisha yake yote, leo amevuka. Sauti ikanitoroka. Kabati anaangalia, anaachia kwa mguu wa kushoto, kipa anaruka, anashika hewa, goooli.

Mlango ukafunguka.

Mjomba alikuwa amesimama pale, koti langu mkononi.

Akanipa koti. Tulitoka, tukapanda gari, akaendesha. Nilikuwa natazama mizeituni inavyopita, natamani mmoja wao unifungulie shina niingie.

Karibu na mji wa El Jem, njiani kurudi Sfax, akasimama kwa wachoma nyama. Tukaletewa sahani. Akamega mkate, akachovya kwenye pilipili, hakula.

"Ule mguu ulikuwa wa kulia."

"Mguu gani, Mjomba?"

"Wa Kabati. Mle ndani umesema kushoto, na Jumapili ulisema kushoto. Nimerudia kuangalia video, ni wa kulia."

"Unaangalia tangu lini?"

"Tangu urudi kiwanjani."

"Kwa hiyo ulijua siko maktaba."

"Maktaba Jumapili imefungwa, Wajdi."

Nilitaka kucheka, ikashindikana. "Sasa kwa nini ulinikataza?"

Akapokea chai kwa muuzaji.

"Niliogopa utanogewa na mpira, uniachie ofisi nife nayo. Daktari alishaniambia niende shambani kwangu nikapumzike, moyo wangu umechoka. Nikamwambia baada ya mtihani wa Wajdi."

Nikaweka nyama chini.

Miaka yote nilidhani mfungwa ni mimi peke yangu. Kumbe mtu niliyemwona ndiye mwenye funguo alikuwa amefungiwa chumba kimoja na mimi, anasubiri nimtoe.

Matokeo yalikuja kwenye simu nikiwa ofisini. Mjomba alisimama nyuma ya kiti changu, tukasoma pamoja.

Nimefeli. Zilipungua alama mbili, za ile ile kodi ya Bi Kammoun. Mama wa watu hakunipendelea hata chembe.

Nilisubiri Mjomba ahuzunike. Akavuta kiti.

"Harusi mnataka lini?"

"Mjomba, nimefeli."

"Nimeona, nina miwani. Nimekuuliza harusi."

Tulifunga ndoa msimu huo huo. Tumehamia ghorofa ya juu kwa kina Olfa, na vyumba havina milango bado. Mjomba anaishi shambani, ofisini anakuja Alhamisi kusaini nilichoandaa, anarudi kwenye mizeituni yake. Kitabu cha kodi kiko mezani, nimekipigia mistari hadi kimechanika. Nakwenda tena Tunis, na safari hii nautaka mtihani huu kwa ajili yangu, si kwa sababu umeshika roho za watu wangu.

Wewe unayesomea kitu kinachochukua miaka, soma, usiache. Ila angalia ni nani mwingine umemketisha stesheni na mizigo yake, anasubiri wewe umalize ndipo aanze kuishi. Mwambie ainuke aende. Kisha na wewe inuka, Jumapili hii hii.